Injini ya Ndege Yatafuta Njia Kisugu

Mtu atokaye Kabalagala akielekea Namuwongo kwa njia za ndani hupita Kisugu, na akiwa na masikio ya askari hawezi kukosa kutambua kwamba mlio wa pikipiki za huko ni wa namna moja. Ni mlio wa silinda moja, wa zile pikipiki za Kihindi zibebazo abiria tangu alfajiri hata usiku wa manane. Kwa hiyo siku niliposikia nyuma ya ukuta wa matofali mlio mwingine kabisa, mzito, wa mapigo mawili yanayojibizana, nilisimama. Nilidhani ni mashine ya kusaga. Nilipochungulia langoni nikaona gurudumu la pikipiki likizunguka hewani juu ya kigoda, na mzee mmoja amechutama kando yake, mkono mmoja sikioni na mwingine kwenye waya wa mafuta.

"Karibu, afande," akasema bila kuinua kichwa. "Lakini usisimame nyuma ya hilo gurudumu. Bado hatujaelewana."

Mwenye ua huo ni Sajini mstaafu, ambaye katika utumishi wake alikuwa fundi wa jenereta na mitambo ya redio, na ambaye siku hizi hupata riziki kwa kutengeneza mashine za kuchomelea vyuma. Majirani humwita Ssalongo, kwa kuwa ndiye baba wa pacha; na tangu alipoleta nyumbani injini hii ya silinda mbili wamepata mzaha mpya, wakisema mzee amezaa pacha wengine, wa chuma. Jina lake la vyeti naliacha kwa ombi lake mwenyewe, kwa sababu ambayo msomaji ataielewa mbele.

Injini hiyo si ya pikipiki, wala haikuundwa ili itembee. Ni injini iliyokuwa ikizungusha jenereta ndani ya ndege kubwa ya zamani. Silinda zake mbili zimelala zikipeana migongo, kila moja ikiwa na mapezi membamba ya kupozwa kwa hewa. Kibao chake cha shaba kimelika, na kisomekacho vizuri ni volti 24 tu.

Yafaa nieleze kidogo kazi ya chombo cha namna hii, maana vijana wetu wengi hawajapata kukiona. Ndege kubwa za wakati wa Vita ya Pili ya Dunia zilihitaji umeme hata pale injini zake kubwa zilipokuwa zimezimwa. Ndege ya majini ya Waingereza iitwayo Sunderland ilikuwa na injini ndogo iliyofichwa katika ukingo wa mbele wa bawa. Ndege ikiwa imefungwa nanga usiku, injini hiyo ilitia umeme katika betri, ikavuta maji yaliyovujia ndani ya chombo, na ikasaidia kupandisha petroli. Ndege ya Marekani B-29 nayo ilikuwa na injini ya aina hiyo sehemu ya nyuma, nayo iliwashwa kabla ya kuruka na kabla ya kutua, kwa kuwa magurudumu na mabapa ya mabawa yake yaliendeshwa kwa umeme. Rubani hakuipatia sifa, lakini ilipokataa kuwaka wote walijua.

Kampala yenyewe si mgeni wa ndege za majini. Tangu mwaka 1937 ndege za shirika la Imperial Airways zilikuwa zikitua juu ya maji ya Ziwa Viktoria huko Port Bell, zikiwa safarini kati ya Uingereza na Afrika ya Kusini, na baada ya vita shirika la BOAC liliendelea kupita hapo kwa ndege zake za Solent mpaka mwaka 1950. Reli ya kwenda Port Bell hupita Namuwongo, bonde la chini ya Kisugu. Ssalongo hadai kwamba injini yake ilishuka kutoka katika ndege yo yote ya hizo. Yeye aliinunua mnadani, ndani ya rundo la vyuma vikuukuu, akiitaka kwanza kwa ajili ya shaba iliyomo katika jenereta yake. Alipoifungua akakuta pistoni bado zinang'aa. Hapo ndipo matata yalipoanza.

Matata hayo ni ya nyumbani. Mkewe, Nnalongo, ni mwanamke wa hesabu. Anajua bei ya chuma chakavu kwa kilo, anajua bei ya shaba, na anajua karo ya watoto wawili wanaosoma darasa moja, maana pacha hudaiwa karo kwa siku moja. Aliona kwamba kile chombo kikipelekwa kwenye mizani leo, nusu ya karo imepatikana. Mzee akaomba muda. Akaeleza kwamba pikipiki yenye nguvu ya kubeba mashine ya kuchomelea ingemfikisha kwa wateja wa Ggaba na Luzira ambao sasa huwakosa kwa sababu ya nauli ya gari. Wakakubaliana: shule zikifunguliwa mwezi Februari kabla pikipiki haijasimama barabarani kwa halali, injini inakwenda mizanini bila maneno.

"Nimewahi kupewa amri nyingi," mzee akaniambia, "lakini hii ndiyo yenye tarehe."

Nilipomsikia nilikumbuka habari ya Mjapani mmoja, nikamsimulia tukinywa chai, naye akaipenda kiasi cha kumwita mkewe aje aisikie. Mwaka 1946 nchi ya Japani ilikuwa imelala katika majivu ya vita. Mabasi na treni vilijaa watu hata milangoni, na petroli iligawiwa kwa kipimo. Katika mji wa Hamamatsu, fundi Soichiro Honda aliona nyumbani kwa rafiki yake injini ndogo ambayo jeshi lililoshindwa lilikuwa likiitumia kuzungusha jenereta ya redio ya vitani. Haikuwa ya ndege, lakini ilikuwa ndugu wa hii ya Kisugu, chombo cha kuwapa umeme askari wa mawasiliano. Honda akaifunga kwenye baiskeli. Tangi la mafuta la baiskeli ya kwanza lilikuwa kibuyu cha bati ambacho Wajapani hujaza maji ya moto ili kupasha kitanda. Mkewe, bibi Sachi, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuiendesha mjini. Honda akanunua injini zipatazo 500 za namna hiyo, na kila moja akaifungua, akaitengeneza upya na kuijaribu kabla ya kuiuza. Zilipokwisha, hakuwa na njia ila kuunda yake mwenyewe, nayo ikatoka mwaka 1947. Kampuni ya Honda ikaandikishwa mwaka 1948.

Nnalongo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na huyo mama, mumewe alimlipia watoto karo?" Sikuwa na jibu, nikanywa chai yangu.

Turudi kwenye chuma. Msomaji asidhani kwamba kazi hii ni ya kukata, kuchomelea na kuwasha. Injini ya jenereta na injini ya pikipiki ni kama mlinzi wa lango na askari wa doria. Wote ni askari, lakini mmoja hufundishwa kusimama pale pale na mwingine kutembea. Injini ya jenereta huzunguka kwa mwendo mmoja saa zote, kwa kuwa umeme hautaki mwendo wa kupanda na kushuka. Ndani yake mna vipande vya chuma ambavyo, injini ikitaka kukimbia, hupanuka kwa nguvu ya mzunguko na kuvuta mlango wa kabureta ujifunge. Ikitaka kulegea, springi huufungua. Mafundi huita kifaa hicho gavana. Ukiiweka injini hiyo barabarani kama ilivyo, dereva akizungusha mkono wake gavana naye anazungusha wa kwake, na wote wawili hawasikilizani.

Mafundi wengi wangeling'oa gavana na kulitupa. Ssalongo hakufanya hivyo. Alitenganisha mlango wa kabureta na gavana katika mwendo wa kawaida, akautia waya wa mkono, lakini akaacha gavana lifanye kazi pale tu injini inapopita mizunguko 4,000 kwa dakika. "Huyu amekuwa akiilinda injini hii tangu kabla sijazaliwa," alisema. "Kwa nini nimfukuze?" Katika yote niliyoyaona uani pale, hilo ndilo lililonipendeza kuliko mengine.

Jambo la pili lilikuwa joto. Wenye kujua historia ya pikipiki wanakumbuka kwamba kiwanda cha BMW cha Ujerumani kilianza kwa injini za ndege. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulipokizuia kuziunda, kikatengeneza injini ndogo ya silinda mbili zilizolala, ambayo iliuzwa pia kwa waundaji wengine wa pikipiki, wakiwemo watu wa Victoria huko Nuremberg. Wao waliifunga silinda moja ikitazama mbele na nyingine nyuma. Ya mbele ikapigwa na upepo, na ya nyuma ikachemka. Mwaka 1923 mhandisi Max Friz akaigeuza ikalala kwa upana, silinda zikachungulia kulia na kushoto mwa pikipiki iitwayo R32, na nguvu ikapelekwa gurudumu la nyuma kwa mhimili wa chuma badala ya mnyororo. Waingereza wa ABC walikuwa wamezilaza silinda hivyo hivyo miaka michache kabla, katika pikipiki iliyoundwa na kiwanda cha ndege cha Sopwith baada ya Vita ya Kwanza.

Mzee wetu hana mhimili wa chuma wala gia za pembe za kuugeuza. Mnyororo ndio alio nao, na mnyororo unataka injini ilale kwa urefu. Basi akarudi kwenye kosa lile lile la silinda ya nyuma. Mtoto wake mkubwa, ambaye hupenda pikipiki ionekane nzuri, alikuwa ameling'oa feni ya injini na bati liongozalo hewa yake, akisema yanaficha mapezi. Waliwasha injini ikiwa imesimama. Dakika chache baadaye rangi ya silinda zote mbili ikaanza kubadilika na harufu ya mafuta yaliyoungua ikajaa ua. Mzee akazima, akakaa kimya, kisha akaenda kwenye rundo la taka akatoa lile bati. Injini iliyokaa ndani ya bawa la ndege haikupata upepo wa barabara hata siku moja. Ilikuja na upepo wake. Feni ile ile huipuliza silinda ya nyuma sawa na ya mbele, na kwa ajili hiyo ulalo wa silinda haumsumbui tena. Sura ya pikipiki imeharibika kidogo. Kijana bado amenuna.

Kisha ikaja hesabu ya gia, ambayo nitaieleza kwa sababu ni nyepesi na kila askari anaweza kuifuata. Pikipiki ikienda kilomita 60 kwa saa, inakwenda mita 1,000 kwa dakika. Gurudumu lake la nyuma, pamoja na mpira, lina mzingo wa mita 1.9 hivi, kwa hiyo linazunguka mara 526 kwa dakika. Injini inazunguka mara 4,000. Gawanya, utapata kwamba injini lazima izunguke mara 7 na zaidi ya nusu kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Hesabu hiyo inafaa barabara tambarare. Lakini Kisugu ni kilima, na Muyenga iliyo juu yake ni kilima zaidi, na pikipiki yenye mzigo wa mashine ya kuchomelea haitaanza kupanda kwa gia moja ya namna hiyo. Klachi ingeungua siku ya kwanza. Injini ya jenereta haina giaboksi, kwa kuwa jenereta haipandi mlima.

Dawa aliyoipata ni ya kifundi hasa. Alinunua pikipiki mfu ya aina ya Bajaj Boxer, ambayo silinda yake ilikuwa imepasuka. Katika pikipiki hizo injini, klachi na giaboksi vimo katika sanduku moja. Akaondoa silinda, pistoni na konrodi yake, akaziba tundu kwa bamba, akaacha krankishafti peke yake izunguke kama mhimili mtupu. Kwa njia hiyo pampu ya oili ya sanduku inaendelea kufanya kazi, na klachi na gia zote zinabaki mahali pake. Injini ya ndege ikafungwa mbele ya sanduku, katika fremu ya Boxer hiyo hiyo iliyorefushwa, na mnyororo mfupi ukazivuta pamoja.

Siku ya kwanza walipotia gia, gurudumu lilizunguka kinyumenyume.

Msomaji asicheke mno. Injini ya ndege haikuona sababu ya kuzunguka upande ule ule ambao Wahindi waliuchagua, na mnyororo haubadili mwelekeo. Upande unaoingia ndio unaotoka. Mzee alikuwa amejipatia pikipiki yenye gia nne za kurudi nyuma. Angeweza kuigeuza injini nzima, lakini hapo mhimili wake ungetokea upande wa klachi ambako hakuna nafasi. Akashuka Katwe, kwa wakerezaji wa vyuma, akachongewa gia mbili za kuumana, akaziweka katika kikasha chenye oili mahali pa ule mnyororo mfupi. Gia mbili zinazoumana hupingana mwelekeo, na kwa hiyo kosa lilirekebika. Siku niliyomkuta ndiyo iliyokuwa siku ya kuzijaribu, na ndiyo sababu alinionya nisisimame nyuma.

Taa hazikumsumbua sana. Magineto ya injini hutoa cheche bila betri, nayo imefunikwa kwa chuma ili isiingilie redio ya ndege. Jenereta yenyewe ya volti 24 aliitoa, maana ni nzito na balbu za pikipiki ni za volti 12. Aliuza shaba yake na fedha akampa Nnalongo. Jambo hilo, nadhani, lilimwongezea siku.

Sasa nafika kwenye neno linalotuhusu sisi tuvaao sare. Jirani wa Ssalongo ni konstebo kijana wa polisi. Jioni moja, akirudi kutoka kazini, alimkuta mzee akiisukuma pikipiki langoni, tayari kuijaribu njiani. Alimsalimu kwa heshima zote, kisha akauliza, "Mzee, injini hii imetoka wapi?"

Mzee akaleta bahasha. Ndani yake mlikuwa na kadi halali ya ile Boxer iliyokufa, na stakabadhi ya mnada yenye muhuri. Konstebo akaisoma chini ya taa. Stakabadhi ilisema: jenereta moja, mbovu.

"Hapa pameandikwa jenereta, mzee. Mimi naona pikipiki."

"Jenereta ilikuwa na injini, mwanangu. Haikuwa ikizungushwa na malaika."

"Naam. Lakini kesho utakutana na mwenzangu asiyekujua. Ataona kadi ina namba ya injini moja, na hapa pana injini nyingine, ya zamani, yenye sura ya vifaa vya jeshi. Atakuuliza, na wewe ni mstaafu wa ghala na mitambo. Atafikiri nini?"

Mzee alirudisha pikipiki ndani bila kubishana. Aliniambia kwamba maneno hayo yalimchoma, maana katika miaka yake yote ya ghala hakuwahi kutoka na hata bolti moja. Lakini alikiri kwamba kijana alisema kweli. Askari fundi ndiye ajuaye thamani ya kila kipande kilichotupwa pembeni, na kwa hiyo ndiye anayejaribiwa kwanza. Kifaa cha jeshi, hata kikiwa kimeota kutu na kuku wanatagia ndani yake, kina mwenyewe mpaka bodi ikikague, kifutwe daftarini na kiuzwe hadharani. Wapo wenzetu waliopoteza kazi na pensheni kwa ajili ya vyuma ambavyo hata mwenye mizani alivitazama mara mbili kabla ya kuvinunua. Konstebo yule kwa kuuliza alimtendea mzee hisani, ingawa jioni ile haikuonekana hivyo.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1998 haikubali chombo cha moto kiende barabarani bila kuandikishwa, na aliyebadili injini au fremu lazima mabadiliko hayo yaonekane katika kumbukumbu, baada ya chombo kukaguliwa. Fremu ya Ssalongo imerefushwa na injini imebadilishwa. Ana mambo mawili ya kueleza. La fremu halimtishi. Amechomelea mwenyewe, na konstebo, ambaye sasa huja kila jioni kutazama, aliiruka ruka juu yake kwa buti zake bila kusikia mlio wo wote. Breki amezibadili kwa zile kubwa zaidi. Tatizo ni namba ya injini. Bila namba hakuna cha kuandika, na kibao cha shaba kimelika.

Jumamosi iliyopita nilikwenda tena. Nilimkuta mzee, konstebo na wale pacha wawili wameizunguka injini kama madaktari. Mzee alikuwa amekumbuka kwamba waundaji wengi hawakuitegemea shaba peke yake. Waliigonga namba pia katika chuma chenyewe. Alipangusa kutu kwa petroli na tambara upande wa chini wa sanduku la krankishafti, akapaka chaki, kisha akafuta kwa kiganja. Chaki ikabaki ndani ya mikwaruzo. Tarakimu zikatokea moja moja, nyeupe juu ya chuma cheusi, na pacha mmoja akaziandika katika daftari lake la shule.

Zote zilisomeka isipokuwa ya mwisho. Mzee anasema ni 3. Konstebo ameitazama kwa tochi na anasema ni 8. Nnalongo alitoka jikoni, akainama, akaitazama kwa muda mrefu kuliko wote, kisha akaagiza mtu aende dukani kwa chaki nyingine.